Nta gani kwa bloku za tishu joto likipanda Tabora?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo maabara ya patholojia hapa Tabora, ikifika mwezi wa tisa na wa kumi bloku (tishu ya mgonjwa iliyogandishwa ndani ya nta) zinakuwa laini, ukikata kwenye mikrotomu, ile mashine ya kukata vipande vyembamba, kipande kinajikunja chote kwenye kisu. Nta yetu ya parafini inayeyuka nyuzi 52 hadi 54. Mwenzangu anasema tuchanganye na nta ya nyuki maana huku imejaa, mwingine anasema ya mishumaa ni bei rahisi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo nta ni laini mno kwa joto lenu, agizeni ya 56 hadi 58 ambayo ndo maabara nyingi zinatumia, na kama mnapokea sana vitu vigumu kama ngozi au uvimbe wa kizazi basi hata ya 58 hadi 60 sawa tu, maana tishu ngumu ikikaa kwenye nta laini kisu kinaichomoa badala ya kuikata. Angalia pia lebo iseme imeongezwa polima (aina ya plastiki), hizo ndo zinafanya vipande vishikane mfululizo kama utepe.

Mishumaa hapana kabisa! Mara nyingi ina stearini (mafuta magumu) na rangi na hujui inayeyuka nyuzi ngapi, na hiyo ni nyama ya mgonjwa, pengine hamna kipande kingine cha kurudia. Nta ya nyuki mafundi wa zamani waliiweka kweli, kidogo sana, inafanya chembe za parafini ziwe ndogo na utepe ushikane, ila ya sokoni inakuja na uchafu wa mzinga na uchafu huo unachana kipande, kwa hiyo msikisie.

Halafu kabla ya kulaumu nta, fungua chombo cha nta ya mwisho mnamoloweka tishu, ukikuta harufu ya zailini, ile kemikali tishu inapitishwa kabla ya nta, ujue imeingia humo na inalainisha kila bloku, badilisheni. Joto la chombo liwe nyuzi 2 hadi 4 juu ya kiwango cha kuyeyuka, likizidi sana tishu inasinyaa na kukakamaa. Bloku ilaze kifudifudi kwenye barafu yenye majimaji dakika kadhaa, kata vipande vya maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni elfu moja ya milimita), ikianza kulainika irudishe, na feni izime maana utepe unapeperuka. Mkishabadili nta pandisheni na maji ya kutandazia vipande, kwa ya 56 hadi 58 ni kama nyuzi 45, yakizidi hapo kipande kinatawanyika.