Muulize Mwalimu: Machungwa ya Chini ya Gunia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza juisi ya machungwa hapa Mikanjuni, Tanga. Mzigo unatoka Muheza, na mchuuzi ninayenunua kwake soko la Mgandini ananiapia kuwa katika kila machungwa 10, bovu halizidi moja. Gunia la wiki iliyopita lilinitia shaka. Nikachukua 20 kutoka chini kabisa, nikayakata, 5 mabovu. Binti yangu yuko chuo. Anasema sampuli yangu si nasibu, kwa hiyo siwezi kupimia nadharia tete yoyote. Sikumwelewa. Huyu bwana ananidanganya au la?
– Mama Juisi, Mikanjuni

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako kasema kweli, na nimefurahi umeuliza kabla ya kwenda kugombana na mtu sokoni. Kwa machungwa yale 20 huwezi kumwita mchuuzi mwongo. Kumwita mkweli pia huwezi.

Tuangalie kwanza mkono wako uliingia wapi. Machungwa ya mdomoni mwa gunia hupangwa: makubwa, yenye rangi, ngozi safi. Ya chini yamebeba uzito wa mengine njia nzima, yamepondeka, na lililopasuka limelowesha majirani zake. Ukichota juu, unampendelea mchuuzi. Ukichota chini, unaipendelea shaka yako. Sampuli nasibu ya namna unayoihitaji ni ile ambayo kila chungwa ndani ya gunia lina nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Wala usidhani kuchota mengi zaidi huko chini kungekusaidia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon atashinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Wingi wote ule haukuwaokoa.

Gunia lijalo, mwaga yote juu ya turubai, uyapange kwa mistari ili kila moja liwe na namba yake. Andika namba kwenye vikaratasi, changanya ndani ya ndoo, binti aokote 20 bila kutazama. Ni kazi, najua, lakini vikaratasi utavitumia tena. Na kabla kisu hakijagusa chungwa, amua bovu ni lipi. Lenye kitundu cha nzi wa matunda lakini nyama yake nzima, unalihesabu? Andika uamuzi wako. Ukiuacha hadi baadaye, utaamua kwa hasira.

Sasa nadharia tete, yaani dai linalosubiri kupimwa. Hapa ni neno la mchuuzi: bovu ni 1 katika 10. Tunalichukua kwa muda kana kwamba ni kweli, kisha tunauliza: kama ni kweli, bahati tupu ingeniletea mabovu mengi hivi mara ngapi? Katika 20 ungetarajia mabovu 2. Kupata 4 au zaidi hutokea kama mara 13 katika 100. Hapo huna kesi. Kupata 5 au zaidi hutokea kama mara 4 tu katika 100, na hapo neno lake linaanza kuwa gumu kuaminika. Wengi huweka mpaka kwenye 5 katika 100. Aliyeueneza ni Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyeingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Ni desturi tu, lakini ukiuchagua, uchague kabla ya kuhesabu.

Hapa ndipo hata wasomi huteleza, kwa hiyo nisome polepole. Ile 4 katika 100 haisemi kuwa mchuuzi ana nafasi ya asilimia 4 ya kuwa mkweli. Inasema hivi: ukipima magunia 100 ya mtu mkweli kabisa, manne hivi yatakuonyesha mabovu 5 au zaidi, na utamshtaki bure. Upande wa pili nao una hatari yake. Kama mabovu yake hasa ni 2 katika 10, kipimo cha machungwa 20 kitamwachia apite kama mara 63 katika 100. Kwa hiyo ukipata mabovu 3 usiseme amethibitika mkweli. Ushahidi haujatosha, basi. Ukitaka kipimo kikali zaidi, kata 80. Hupotezi kitu, mazima yote yanaingia kwenye juisi.

Mimi, kwa kuwa mnategemeana, ningepima magunia kadhaa ya siku mbalimbali na kuandika daftarini tarehe, namba zilizookotwa na mabovu mangapi. Na ningemwambia mapema. Akitaka, aje aokote vikaratasi kwa mkono wake.