Nasali Kama Anayelipa Deni

Swali: Mchungaji, kwaya siikosi, mfungo natimiza, sala ya asubuhi naimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini moyoni pakavu. Je, nimeasi?

Jibu: Hapana, mwanangu. Umenikumbusha yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15. Hakutoroka nyumbani kama mdogo wake, alitumika miaka mingi, na bado nyimbo za karamu ya kumpokea mdogo huyo zilimkera. Vyote vya baba vilikuwa vyake. Yeye akahesabu zamu! Mimi nami niliwahi kuhubiri miezi kadhaa huku nikiitazama saa (waumini walijua, nadhani). Kilichonitoa ni Zaburi 51, mstari wa 12: Daudi anaomba arudishiwe furaha, hajitengenezei. Kesho weka kando orodha yako ya maombi. Mwambie Mungu hilo neno lako, "pakavu", kisha nyamaza mpaka maji yachemke.