Kwa anayeanza kutunza takwimu za kikapu: umbali wa mtupo hutoka wapi

Taarifa ya mchezo wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inapoandika kwamba Stephen Curry amefunga kutoka futi 28, hakuna mtu aliyeingia uwanjani na futikamba. Namba hiyo imekokotolewa kutokana na nukta moja iliyowekwa kwenye ramani ya uwanja, ama kwa mkono wa mtu ama kwa kamera, na umbali unaotajwa ni wa sakafuni: kuanzia usawa wa katikati ya ringi mpaka mahali aliporukia mchezaji. Mpira wenyewe hupita juu kwa upinde kuelekea ringi iliyo mita 3.05 kutoka chini, lakini urefu wa upinde huo haumo katika hesabu. Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi hii, iwe umekaa kwenye meza ya maofisa au nyumbani ukichambua mafaili, ningekushauri uelewe nukta hiyo iliwekwaje kabla ya kuchora grafu yoyote.

Jambo la kwanza ni mwanzo wa kipimo. Mstari wa mtupo huru wa NBA uko futi 15 kutoka kwenye uso wa ubao, na kila mtu anaifahamu namba hiyo. Ila katikati ya ringi iko inchi 15 mbele ya ubao, kwa hiyo anayesimama kwenye mstari huo yuko futi 13 na inchi 9 kutoka katikati ya ringi. Zote mbili ni sahihi. Mistari ya uwanja imepimwa kutoka sehemu tofauti tofauti, na anayechanganya kipimo cha ubao, cha ringi na cha mstari wa mwisho atapata majibu yanayopendeza macho huku yakiwa na kosa la zaidi ya mita moja.

Tuchukue mfano wa uwanja wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambao ndio utakaoukuta ukifanya kazi katika mashindano ya huku kwetu au katika Basketball Africa League, iliyoanza Kigali mwaka 2021. Uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na katikati ya ringi iko mita 1.575 ndani kutoka mstari wa mwisho. Baadhi ya programu za takwimu huhifadhi mahali pa mtupo kwa asilimia, si kwa mita. Tuseme umepewa asilimia 20 ya urefu na asilimia 20 ya upana. Asilimia hizo hazilingani sakafuni: ya kwanza ni mita 5.6, ya pili ni mita 3. Ringi iko mita 7.5 kutoka mstari wa pembeni, hivyo tofauti ya upana ni mita 4.5, na tofauti ya urefu ni 5.6 ukitoa 1.575, yaani mita 4.025. Kwa kanuni ya Pythagoras umbali ni takriban mita 6.04, ambao ni mtupo wa pointi 2. Lakini ukisahau kutoa ile 1.575, utapata mita 7.18, na mtupo huohuo utaonekana umepigwa nje kabisa ya mstari wa pointi 3, ulio mita 6.75. Ukiona katika jedwali lako mitupo mingi ya pointi 2 iliyo mbali kuliko mstari, usimlaumu aliyekuwa mezani. Anza kwa kuangalia kama ringi umeiweka mahali pake.

Mafaili ya NBA yana tabia nyingine. Mahali pa mtupo huandikwa kwa sehemu za kumi za futi, katikati ya ringi ikiwa sifuri, na safu ya umbali huonyesha futi kamili bila desimali. Mstari wa pointi 3 uko futi 23 na inchi 9 mbele ya ringi, sawa na mita 7.24, ila kwenye kona unanyooka na kusogea hadi futi 22, yaani mita 6.71, kwa sababu upana wa uwanja hautoshi kwa tao zima. Matokeo yake ni kwamba mtupo wa futi 22 kutoka kona ni wa pointi 3, na mtupo wa futi 22 kutoka mbele ni wa pointi 2. Usiamue thamani ya mtupo kwa umbali peke yake. Tumia safu inayotaja aina ya mtupo, kisha umbali uutumie kuukagua. Kumbuka pia kwamba mstari wenyewe ulihama: kuanzia msimu wa 1994-95 hadi 1996-97 ulisogezwa ukawa futi 22 pande zote, ukarudishwa baadaye. Anayelinganisha misimu hiyo na ya sasa bila kulijua hilo analinganisha michezo miwili.

Kwa wale mtakaobofya ramani kwa mkono, kanuni ninayoisisitiza ni hii: weka nukta pale miguu ilipokuwa ikigusa sakafu mara ya mwisho kabla ya kuruka. Mchezaji anayeruka kurudi nyuma huachia mpira akiwa nyuma ya nukta hiyo, na anayeshambulia ringi huuachia akiwa mbele yake sana, lakini mwamuzi anapoamua pointi 2 au 3 huangalia miguu, nawe ufuate jicho lake. Mstari hauhesabiwi kuwa eneo la pointi 3, hivyo kidole cha kiatu kikiugusa, mtupo ni wa pointi 2. Mwamuzi akiinua vidole vitatu na nukta yako iko ndani ya mstari, nukta ndiyo ya kusogezwa.

Kuna kosa dogo la nusu ya pili ambalo huharibu kazi nzuri. Timu zinapobadilishana magoli, mtu hugeuza namba za urefu ili mitupo yote ya timu iwe upande mmoja, akaziacha za upana. Kona ya kushoto inakuwa ya kulia. Geuza zote mbili.

Kamera zimepunguza ubishi mwingi, ingawa si wote. Mfumo wa SportVU, uliofungwa katika viwanja vyote vya NBA kwa msimu wa 2013-14, ulikuwa na kamera sita darini zilizosoma mahali pa mpira na wachezaji mara 25 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 24 kati ya picha moja na nyingine, na katika ukingo wa mstari hizo si haba. Tena mifumo ya awali ilimwona mchezaji kama nukta moja ya mwili mzima, haikujua mguu uko wapi. Second Spectrum ilichukua nafasi hiyo mwaka 2017, na tangu msimu wa 2023-24 ligi hutumia Hawk-Eye, ambayo hufuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji. Ukitumia data za miaka mingi kwa pamoja, tenga vipindi hivi, la sivyo unaweza kudhani wachezaji wamebadilika kumbe kilichobadilika ni chombo.

Ukishapata umbali ulio safi, jizuie kutoa wastani. Mchezaji ambaye nusu ya mitupo yake ni ya futi 2 na nusu ni ya futi 26 ana wastani wa futi 14, mahali ambapo hajawahi kutupa hata mara moja. Wachezaji wengi wa siku hizi wanakaribia sura hiyo. Gawa mitupo kwa maeneo: chini ya ringi, ndani ya eneo la rangi (mstatili ulio kati ya mstari wa mtupo huru na mstari wa mwisho), katikati, kona mbili, na nje ya tao.

Mitupo ya kukata tamaa mwishoni mwa robo nayo itengwe. Baron Davis alifunga kutoka futi 89 mwaka 2001, na mtupo mmoja wa namna hiyo huvuruga jedwali la mwezi mzima. Kwa muda mrefu wachezaji waliikwepa mitupo hiyo ili isiwashushie asilimia ya mitupo inayoingia, mpaka NBA ilipoamua, kuanzia msimu wa 2025-26, kwamba mtupo uliokosa ukiwa umepigwa kutoka futi 36 au zaidi, ndani ya sekunde 3 za mwisho za robo yoyote kati ya tatu za kwanza, katika shambulizi lililoanzia nusu ya nyuma ya uwanja, yaani ile ambayo timu inayoshambulia huilinda, uandikwe kwa timu na si kwa mchezaji. Hapo futi moja, kati ya 35 na 36, ndiyo inayoamua jina la mtu liandikwe au lisiandikwe, na anayeweka nukta mezani sharti aijue.