Hata Manase? Majibu ya maswali yenu kuhusu rehema na hukumu

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali mengi safari hii yanazunguka jambo moja, Mungu anasameheje na bado anahukumu. Nimechukua machache, mengine nitayajibu baadaye.

Mtumishi, kama Mungu ni upendo ahukumu ya nini? Si asamehe tu yaishe.

Yaishe kwa nani? Soma 2 Wafalme 21, mfalme Manase alimwaga damu isiyo na hatia mpaka ikajaa Yerusalemu, na mwanae mwenyewe akampitisha motoni. Sasa mama aliyeuliwa mtoto enzi hizo ukamwambie Mungu kaona na kanyamaza, huo upendo ataupokeaje? Kwenye Kutoka 34 Mungu anajitambulisha kwa Musa kuwa ni mwingi wa huruma na si mwepesi wa hasira, halafu hapohapo anasema mwenye hatia hamhesabii kuwa hana hatia. Huwezi kuchukua la kwanza ukaacha la pili.

Nimefanya mambo hata kwa mchungaji siwezi kuyataja. Kuna dhambi iliyozidi kiasi?

Tubaki kwa Manase maana hili ni swali lake kabisa. Baba yake ni Hezekia, yule aliyefungua tena milango ya hekalu, na mtoto akaja kuweka sanamu ndani ya hekalu lilelile. Alianza kutawala na miaka 12 akakaa miaka 55, hakuna mfalme wa Yuda aliyekaa muda huo. Mungu akasema naye, hakusikia. Ndo majemadari wa Ashuru wakaja wakamfunga minyororo wakampeleka Babeli (na jina lake limo hata kwenye maandishi ya Esarhaddon mfalme wa Ashuru, kwenye orodha ya wafalme waliolazimishwa kupeleka vifaa vya ujenzi Ninawi). Kule kifungoni akajinyenyekeza sana, akaomba, na 2 Nyakati 33:13 inasema Mungu alimsikia akamrudisha Yerusalemu kwenye ufalme wake. Hekalu liko mbali, sadaka hana, hana chochote mkononi zaidi ya maombi, na akasikiwa! Ndugu yangu, sijui ulichofanya ila hata kama umefika alikofika Manase, yeye alipokelewa. Omba leo, kwa maneno yako mwenyewe, halafu tafuta mtu mzima mmoja mwenye kifua umwambie usibaki na hilo peke yako.

Sasa kama alisamehewa mbona 2 Wafalme 24 inasema Yuda iliangamia kwa dhambi za Manase?

Nimefurahi kuna mtu anasoma mpaka huko. Mwenyewe alitubu, akatoa sanamu, akatengeneza madhabahu, lakini watu aliowazoesha uovu miaka yote ile hawakugeuka naye, na mwanae Amoni alipoingia tu akaanza kuziabudu sanamu za baba yake. Yerusalemu ikaja kuanguka 586 KK. Na waliouawa hawakufufuka. Mtu aliyekula hela za kikoba akitubu leo, Mungu anamsamehe leo, ila deni la wanakikoba liko palepale.

Mimi bado kijana, nikifika 50 nitatulia na Mungu. Kuna ubaya?

Amoni huyohuyo alitawazwa na miaka 22, akakaa miaka 2, watumishi wake wakamuua ndani ya nyumba yake. Fanya hesabu.

Maporomoko kama yale ya Hanang 2023, ni hukumu ya Mungu kwa wale watu?

Hapana, na naomba tuache kabisa kusema hivyo kwenye misiba ya watu. Mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18 Yesu aliulizia kama wao ndo walikuwa wakosaji kuliko wenzao, akajibu sivyo, akawageuzia wasikilizaji wake kwamba watubu wao (Luka 13).

Baba alitutesa sana, alimpiga mama miaka. Sasa ameokoka, anashuhudia watu wanapiga makofi, mimi moyo unauma. Nina dhambi?

Pole sana mwanangu. Yona, nabii aliyetumwa kuhubiri Ninawi, naye ilimuuma. Ninawi ulikuwa mji wa Ashuru, watu ambao ukatili wao waliuchonga wenyewe kwa kujivunia, kuta za jumba la mfalme wao Sennacherib zinaonyesha watu wa Lakishi, mji wa Yuda, wametundikwa kwenye miti. Yona aliposikia hao wamesamehewa akakasirika mpaka akataka kufa. Ona Mungu alichofanya, hakumfukuza wala hakumwita mwasi, alikaa akaongea naye, akamuotesha mtango wa kivuli, akamuuliza maswali. Kwa hiyo maumivu yako yapeleke kwake hivyohivyo yalivyo, usiyapake rangi.

Kuhusu baba, usisahau Ninawi baadaye ilirudi kulekule, nabii Nahumu akatabiri kuanguka kwake, na 612 KK ukabomolewa. Makofi ya kanisani si kipimo. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisimama akataja alichodhulumu na atarudisha mara ngapi, tena mbele za watu. Baba aje kwa mama kwanza, aseme alichofanya bila kuongeza "lakini", akubali mama achukue muda wake. Kabla ya hapo hulazimiki kukaa naye meza moja, na mtu yeyote akikubana kwamba ukishasamehe lazima mrudiane kama zamani, muonyeshe jibu hili.