Mjusi wa buluu na mjusi wa kijani kwenye mkadi: ni aina mbili?

SWALI: Nafundisha jirani na msitu wa Kimboza, Morogoro. Kwenye mikadi naona mijusi wadogo wa buluu iliyokolea, na pamoja nao wengine wa kijani au kahawia. Je, ni aina mbili? Na kwa kuwa mikadi inakatwa, naweza kuhamishia wachache kwenye miembe ya shule ili wasiishe? – Mwalimu, Morogoro Vijijini

JIBU: Mwalimu, hao ni wa aina moja. Jina lao la kitaalamu ni Lygodactylus williamsi, walilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1952. Porini, duniani kote wako Tanzania peke yake, tena kwenye vipande vichache vya msitu chini ya milima ya Uluguru.

Wa buluu ni dume. Wa kijani au kahawia mara nyingi ni jike, lakini si kila mara: dume mchanga, au aliyezidiwa nguvu na dume mwenzake, naye huwa wa kijani. Kwa hiyo mgongo usikudanganye, tazama koo na tumbo. Dume aliyekomaa ana koo jeusi na tumbo la rangi ya chungwa. Simama mbali kidogo na mti asubuhi jua likishapanda, utulie. Dume atatoka kwenye shina la jani, atikise kichwa, avimbishe koo na kujibapa mbavu ili mwenzake amwone mkubwa. Mjusi wa nyumbani, yule anayewinda wadudu kwenye taa, mboni ya jicho lake husinyaa na kuwa kama ufa. Huyu wa mkadi mboni yake ni ya duara, kwani ni mjusi wa mchana.

Kuhusu kuwahamisha, nakuomba sana usifanye hivyo. Najua nia yako ni njema, ila kinachomweka hai ni mkadi wenyewe. Ule ni Pandanus rabaiensis, ndugu wa ule mkadi mwingine ambao maua yake wanawake wa Pwani huyapenda kwa harufu. Majani yake marefu yenye miiba yamejipanga kwa mzunguko, na pale yanapokutana na shina maji ya mvua hutuama na wadudu hujaa. Mjusi anapata kinywaji, chakula na maficho mahali pamoja. Mwembe hauna hayo.

Kisha kuna sheria. Kumkamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama unamhamishia ng'ambo ya barabara.

Ukali huo una sababu, na sababu hiyo inaniuma hadi leo. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa msituni mijusi wasiopungua 32,310, wauzwe nje kwa wafugaji wa mijusi. Njia yao ilikuwa kuangusha mkadi mzima ili wafikie kileleni. Mti ukilala chini, hata mjusi aliyeponyoka hana pa kurudi. Mwaka 2012 aliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku.

Unachoweza kufanya kinaanzia kwenye mti. Ukiona mkadi umekatwa, toa taarifa kwa wahifadhi wa msitu siku hiyohiyo. Wanafunzi wako wanaweza kuhesabu mijusi mti kwa mti kwa kutazama tu, bila kugusa, na kuandika tarehe na saa. Na mikadi iliyo nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya wazazi wao, waombe isipogolewe majani ya chini. Jike hutaga yai moja au mawili, meupe, madogo kama punje ya njegere, na kuyagandisha mahali palipojificha. Panga likipita kwenye majani hayo, mayai huenda nayo bila mtu kuyaona.