Geronimo alikuwa chifu wa Waapache wote, wale wenyeji asilia wa Marekani?
Hapana ndugu, hata uchifu wenyewe hakuwa nao. Geronimo alikuwa mganga na mpiganaji wa Wabedonkohe, kundi dogo ndani ya Wachiricahua, ambao nao ni tawi moja tu la Waapache. Chifu hasa alikuwa Cochise, wa Wachokonen, kundi jingine la Wachiricahua. Halafu kuna Wamescalero na Wajicarilla wa New Mexico, Walipan, Waapache wa Magharibi kule Arizona, na wale wa nyanda za Oklahoma. Kila kundi na wakubwa wake. Kinachoniuma mimi ni hiki: Geronimo alipojisalimisha Septemba 1886, jeshi la Marekani liliwapakia kwenye treni hadi Florida kama wafungwa hata Wachiricahua waliolitumikia kama wapelelezi, watu waliomfuata milimani wakisoma nyayo zake. Waliobaki hai wengi waliachiwa 1913, yeye keshafariki tangu 1909.