Iite pini kwa jina, usiite kwa namba

Nilikuwa na kiprogramu cha kuwasha na kuzima pampu kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kilifanya kazi muda mrefu hadi nikasahau nilikiweka wapi. Siku moja nikasasisha mfumo wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoiendesha rilei hiyo, nikaiwasha upya, pampu kimya. Nikabadili waya. Nikabadili rilei. Nikaanza kuishuku bodi yenyewe. Kumbe mchawi ni namba 17.

Kiprogramu kile kiliandika 17 kwenye faili la /sys/class/gpio/export, kama tulivyofundishwa wengi wetu zamani. Nilidhani 17 ndiyo pini, yaani mguu wa bodi ulioungwa na rilei. Sivyo. Ilikuwa nafasi kwenye hesabu moja ndefu ambayo kerneli (kiini) ya mfumo wa Linux inazipangia pini za chipu zote. Kerneli ya Raspberry Pi ilipofika toleo la 6.6, hesabu ya pini hizo ikaanzia 512, na pini yangu ikawa 529. Sikuwa na wa kumlaumu: njia ile ilitangazwa kuwa ya kuachwa tangu Linux 4.8, mwaka 2016.

Njia ya sasa ni hii: kila chipu ya pini inaonekana kama faili la kifaa, mfano /dev/gpiochip0, na programu yako inazungumza nalo kupitia maktaba ya libgpiod. Kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo, endesha gpiodetect kisha gpioinfo. Utaona kila pini, jina lake, kama ni ya kuingiza au kutoa, na nani ameishika. Amri hizo mbili zingeniokolea jioni nzima.

Hata namba ya chipu usiiamini sana. Kwenye Raspberry Pi 5, pini za nje zilihamia chipu ya RP1. Mwanzoni zikaonekana kama gpiochip4, baadaye mfumo ukazirudisha kuwa gpiochip0. Maktaba zilizozoea kuchokonoa rejista (visanduku vya amri vilivyo ndani) za prosesa moja kwa moja zilinyamaza kabisa kwenye bodi hiyo. Aliyeomba pini kwa jina la GPIO17 hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba pini unaiazima. Unaiomba kwa kerneli, unapewa, na programu nyingine ikiitaka inaambiwa ina mtu. Programu yako ikifa, pini inarudishwa, na hakuna anayekuhakikishia itabaki juu (yenye volti) au chini (bila volti). Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba gpioset, amri ya libgpiod ya kuipandisha au kuishusha pini, katika matoleo ya 1 inawasha taa kisha taa inazimika: amri ilikuwa inamaliza kazi na kuondoka. Toleo la 2 linaendelea kuishika pini mpaka ulisimamishe. Mimi nimeiacha programu ya pampu ikae hai muda wote, na nimeongeza rezista inayoivuta pini upande wa kuzima, ili ikikosa mwenyewe pampu isijiwashe usiku. Angalia tu rilei yako ni ya aina gani, maana nyingi huwaka pini inaposhuka. Hilo pia litangaze wakati wa kuomba pini, kwamba imegeuzwa, ili kwenye msimbo 1 iwe na maana ya kuwaka siku zote. Kabla ya hapo nilikuwa najikanganya mwenyewe kila nilipousoma.

Kwa vitufe, acha tabia ya kuzunguka ukiuliza "umebonyezwa? umebonyezwa?" Omba kuarifiwa. Programu italala, na kerneli itaiamsha hali ya pini ikibadilika, pamoja na saa ya tukio. Chuma cha kitufe hudundadunda kikiguswa, hivyo mbonyezo mmoja unaweza kuhesabiwa mara tano. Tangu Linux 5.10 unaweza kuiomba kerneli yenyewe ichuje midundo hiyo.

Volti ni juu yako. Pini za Raspberry Pi ni za 3.3, na hakuna maktaba itakayokuzuia kuziletea 5.

Nilijaribu pia kuzungusha mota ya servo kwa njia hii. Ikawa inatetemeka kama mwenye homa, kwa sababu Linux ina kazi nyingine na haiahidi kukurudia kwa mikrosekunde kamili. Mota hiyo nimeihamishia kwenye pini yenye PWM ya maunzi, yaani mapigo ya umeme yanayopimwa na chipu yenyewe, na pampu imebaki kwa libgpiod.